BREKI KUBWA: NI USALAMA AU NI KUUZA SURA?

Huku Kayanga mambo ni kama kawa. Kahawa inaanikwa, vumbi linatimka, na Jumapili jioni vijana wote wenye ndinga wanakusanyika Omurushaka kuangaliana rimu. Wenye pikipiki nao wapo, ila wao wanakaa pembeni na kucheka.

Jumapili iliyopita ndipo lilipozuka soo. Mshkaji wangu mmoja, jina kapuni, mtaani tunamwita Turbo, aliingia na Subaru Impreza yake akiwa ameifungia rimu mpya za inchi 18. Ndani ya zile rimu za mbele, kwenye uwazi kati ya spoku na spoku, yalikuwa yanachungulia madude mawili makubwa mekundu yameandikwa Brembo. Bwana wee! Watu waliacha soda zao mezani. Kuna dada mmoja alikwenda kuchuchumaa pale kwenye tairi apigwe picha.

"Mwanangu," Turbo akaniambia, "sasa hivi nikikanyaga, hata shetani anasimama."

Nikamuuliza ni shilingi ngapi. Akaangalia huku na huku, akaninong'oneza: milioni tatu kasoro kidogo, kalipa pamoja na disiki na rimu, vyote mtumba kutoka Dar. Hela yenyewe ni ya kahawa ya msimu huu. Sasa mimi ni mtu wake wa karibu, najua hela ya kahawa ya msimu huu ilikuwa ya nini. Ilikuwa ya mahari. Kuna binti kule Kyerwa, wazee wake wameshakubali, tarehe imeshatajwa.

Nikanyamaza. Lakini kimya changu Turbo anakijua, akaanza kujitetea kabla sijamshambulia. Akasema breki ni usalama, siyo anasa. Akasema mimi naandika magazetini lakini gari sina, nina la mjomba. Kweli kabisa. Ndiyo maana wiki hii nzima nimeshinda gereji kwa babu mmoja hapa Kayanga, fundi wa siku nyingi, nikimuuliza maswali mpaka akaniuliza kama nimefukuzwa nyumbani. Haya ninayoyaandika ni ya kwake na ya vitabu nilivyokopa, na mengine ni ya mwili wangu mwenyewe, kwani nimewahi kukosa breki na sitaki kukosa tena.

Kwanza tuwape Brembo haki yao. Hawa jamaa ni Waitaliano, kampuni yao ilianza 1961 huko Bergamo, na tangu 1975 wamekuwa wakiwatengenezea Ferrari breki za magari ya mashindano. Subaru wenyewe waliwafungia Impreza STI breki hizo kutoka kiwandani, na ndizo zinazozunguka mitumba huku Bongo nzima, watu wanazihamishia kwenye WRX za kawaida, Forester na Legacy. Si kitu feki. Kitu feki ni lile kava la plastiki jekundu ambalo unabandika juu ya kalipa yako ya kawaida ili likuongezee heshima. Hilo nalo lipo Omurushaka, nimeliona kwenye IST moja, mwenye nayo anajijua. Lile kava linafunika joto mahali ambapo joto linatakiwa kutoka.

Na hapo kwenye joto ndipo penye mambo yote. Babu fundi alinieleza hivi: breki hailizuii gari, inabadilisha mwendo kuwa moto. Ule mwendo wote uliokuwa nao lazima uende mahali, na mahali penyewe ni kwenye disiki na pedi. Halafu mwendo una hila yake. Ukizidisha spidi mara mbili, moto hauzidi mara mbili, unazidi mara nne. Waingereza wameweka kwenye kitabu chao cha sheria za barabarani kwamba gari likiwa maili 30 kwa saa, yaani kilomita 48 hivi, tangu breki ikamate hadi kusimama ni mita 14. Kwenye maili 60 ni mita 55. Hesabu mwenyewe. Na hiyo ni lami kavu, tairi nzima, tena hujahesabu zile mita ambazo gari linakula wakati wewe bado unashtuka.

Sasa msomaji wangu utasema, si ndiyo maana Turbo kanunua breki kubwa? Subiri. Mtoto wa mtu hasimamishwi na kalipa. Anasimamishwa na tairi. Breki kazi yake ni kulizuia gurudumu lisizunguke, lakini kinacholishika gari na dunia ni vile viraka vinne vya mpira, kila kimoja ukubwa wa kiganja hivi, vinavyogusa barabara. Kama breki ulizokuja nazo kutoka Japani zina uwezo wa kuliuma gurudumu mpaka liserereke au mpaka ABS ianze kutetemeka kwenye mguu wako, maana yake breki imeshafika mwisho wa tairi. Ukiongeza breki hapo ni sawa na kumnunulia mkeo sufuria kubwa wakati unga ni uleule nusu kilo. Na Impreza ya Turbo, kwa breki zake za zamani, ilikuwa inafanya hivyo vizuri tu. Nilishapanda, nilishagonga dashibodi.

Ila tusimwonee. Breki kubwa ina kazi yake, na kazi hiyo si ya kusimama mara moja. Ni ya kusimama mara ya kumi. Disiki pana na nene inameza moto mwingi kabla haijachoka, na inaupoza upesi. Kwenye mashindano, ambako jamaa anatoka 200 hadi 60, anaondoka tena, anarudia, kutwa nzima, bila hizo huendi popote. Swali ni kwamba wewe wa Kayanga moto huo utautolea wapi? Hii lami yetu ya Kyaka hadi Bugene ni kilomita 59. Ina vijiji, kila kijiji mwisho ni 50, ina matuta, ina mbuzi, ina watoto wa shule, ina bodaboda aliyebeba mikungu minane ya ndizi na abiria juu yake, na kwenye kona ambayo hukuitegemea yupo trafiki na tochi. Ukitafuta mahali pa kuchemsha breki kwa mbio utapelekwa mahakamani kabla hazijapata joto la kuchemshia chai.

Lakini kuna njia nyingine ya kuchemsha breki, haihitaji mbio hata kidogo, na mimi ndiyo niliyoipitia.

Mwaka 2021 nilikuwa nampeleka mama yangu mdogo Bukoba na Mark II Grande ya mjomba. Nyuma kuna mama mdogo, shangazi na binamu wawili, kwenye buti kuna ndizi, maharage na kuku watatu. Tunashuka kwenda Kyaka. Mimi kijana wa kileo, gia nimeacha kwenye D, mguu wa kulia nimeulaza juu ya breki, taratibu tu, kama 60, najiona dereva mstaarabu. Mwendo wa dakika kadhaa nikasikia harufu kama mpira unaungua. Shangazi akasema kuna mtu anachoma takataka. Nikasema ndiyo. Halafu nikakanyaga kwa ajili ya kona, mguu ukazama. Ukazama kama umekanyaga mkate uliolowa chai. Hakuna kitu.

Sitakudanganya kwamba nilifanya ujanja. Nilipiga kelele. Mama mdogo akasema "Waitu!" mara moja tu, kisha kimya, na kile kimya ndicho kilichonitisha zaidi. Nikapampu, nikapampu, ikarudi kidogo. Nikavuta gia ikaenda 2, injini ikalia kama ng'ombe anayechinjwa, gari likapungua, nikaishusha L, nikavuta hendibreki kidogokidogo, nikalilaza upande wa kushoto kwenye majani, gurudumu moja ndani ya mtaro. Kuku mmoja alikufa. Nadhani ni mshtuko.

Tukakaa pale nusu saa. Nikakanyaga tena, breki hiyoo, ngumu, nzuri, kama haijawahi kutokea kitu! Nikadhani nimerogwa.

Babu fundi aliponisikia alicheka mpaka akakaa chini. "Mjukuu wangu, hukurogwa. Uliyakaanga." Akafungua kile kichupa cha mafuta ya breki, akachovya kidole, akanionyesha. Meusi kama kahawa iliyokolea. Yalikuwa hayajabadilishwa tangu gari litoke Japani, na pengine hata kabla. Sasa sikiliza hapa, kwani hapa ndipo palipo na roho yako. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani, na sisi huku mvua tunazo. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango kinachohesabiwa kuwa yamechakaa, kinachodaiwa kwao ni nyuzi 140 tu. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya, 155 yakichakaa. Yakichemka yanatoa mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea. Wewe unakanyaga, unabonyeza mvuke, breki yenyewe haipati habari. Ukipoa, mvuke unarudi kuwa majimaji, pedeli inakuwa ngumu tena, na wewe unamtafuta mchawi.

Kuna aina nyingine, babu aliniambia niitofautishe: pedeli ni ngumu kama jiwe lakini gari haisimami. Hapo mafuta ni mazima, pedi ndizo zimepata moto kupita uwezo wake, zimekuwa kama kioo, zinateleza juu ya disiki. Ukijua tofauti hiyo, unajua cha kununua.

Nikapiga hesabu, maana fizikia ndiyo somo pekee nililofaulu kidato cha nne. Gari la kilo 1,400 likisimama kutoka kilomita 100 kwa saa, linatoa moto fulani. Gari hilohilo likishuka kimo cha mita 300 kwa mwendo usiobadilika, huku breki peke yake ndiyo inayolishika, moto unaotoka ni sawa na kusimama kutoka 100 mara saba na nusu. Mfululizo, bila kupumzika! Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari na bonde la Kagera pale Kyaka haliko juu sana ya hapo, wakati milima yetu ya Karagwe inapita 1,500. Kwa hiyo babu yangu anayeshuka na Corolla iliyojaa viroba kwa 40 anaweza kuchemsha breki kuliko Turbo anayekimbia kwenye tambarare. Na dawa ya hilo ni bure. Ni gia. Weka gia nzito kabla hujaanza kushuka, si katikati, injini ilishike gari, breki uguse kisha uachie ipumue. Wenye otomatiki, zile namba na herufi zilizo chini ya D hazikuwekwa kama pambo.

Haya, turudi kwa Turbo, maana kuna makubwa zaidi.

Breki alizonunua ni za mbele tu. Muuzaji alikuwa na pea moja. Za nyuma zimebaki zilezile. Babu fundi alipoziona alikuna kichwa. Waliotengeneza gari walipima mbele ishike kiasi gani na nyuma kiasi gani, ili tairi zote nne zifanye kazi. Ukiongeza mbele peke yake, za mbele zinafika mwisho wa tairi mapema, wakati za nyuma bado zinasinzia. Unaweza kukuta gari linasimama mbali zaidi kuliko zamani, na hela umetoa! Juu ya hapo, pistoni za kalipa kubwa zinahitaji mafuta mengi zaidi kusukumwa, na masta silinda ni ileile, kwa hiyo pedeli inakwenda chini zaidi. Turbo mwenyewe alikiri kwamba "inazama kidogo, lakini nitaizoea."

Nikamuuliza, na rimu za 18? Akasema kalipa hizi haziingii kwenye rimu zake za 16, zinagusa. Kweli, nyingi zinataka 17 kwenda juu. Lakini rimu ikikua, mpira unapungua, kwa sababu kimo cha tairi kwa jumla lazima kibaki palepale. Tairi lake sasa limebaki kama mkanda wa suruali. Na mkwe anakaa wapi? Kyerwa, ndani ndani, unapita Nkwenda, unaacha barabara kubwa, unaingia kwenye changarawe na makorongo ya mvua.

Hapa niseme kitu ambacho vijana wengi hawakijui. Wote tunazipenda Subaru kwa ajili ya rali. Colin McRae aliibeba Safari Rally ya 1997 kule Kenya akiwa na Impreza, Richard Burns akairudia 2000. Hata Mbarara, ng'ambo tu ya Murongo, magari ya rali yametimua vumbi mara nyingi, kuna watu wa hapa huvuka kwenda kuangalia. Lakini waulize mafundi wa mashindano ya dunia wanafunga nini kwenye vumbi. Kwenye lami wanafunga rimu za inchi 18 na disiki za milimita 355 au zaidi. Wakija kwenye vumbi, gari lilelile, dereva yuleyule, wanazivua, wanafunga rimu za 15 na disiki za milimita 300. Wanapunguza! Kwa sababu kwenye changarawe tairi halina cha kung'ang'ania, breki kubwa haina kazi, na mpira mnene ndio unaokufikisha. Watu wenye hela ya kununua disiki la ukubwa wowote wanachagua dogo. Turbo nilimwambia hivyo, akasema ninamwonea wivu.

Jumatano akaenda ukweni kusalimia. Mimi niliona jioni aliporudi juu ya Fuso ya ndizi. Korongo moja tu, rimu ya mbele kushoto ikapinda, tairi likapasuka ubavuni, na spea yake ya zamani, ile ya 16, haikuingia juu ya Brembo! Gari akaliacha kwa mjumbe. Baba mkwe alimsindikiza mpaka barabarani, na njiani, kwa mujibu wa Turbo, mzee alikuwa anaangalia lile gurudumu, anamwangalia yeye, anaangalia tena gurudumu. Hakusema neno. Alimuuliza tu kahawa ya mwaka huu ilikwendaje.

Mwanangu aliniomba nisiandike hilo. Nimemwambia jina liko kapuni.

Basi Alhamisi tukakaa watatu kwa babu fundi, mimi, Turbo na chupa ya soda ya babu. Turbo akauliza kwa adabu sasa, "Babu, kama ningekuja kwako kwanza, ungenifanyia nini?" Babu akasema angeanza na tairi nne nzuri, zisizo kipara, zinazofanana. Halafu angemwaga mafuta yote ya breki na kuweka DOT 4 mpya, kutoa upepo magurudumu yote manne, na kurudia kila baada ya miaka miwili. Pedi za maana kutoka kwa mtu anayejulikana, siyo zile za kwenye ndoo. Disiki zikiwa zimeliwa, abadilishe kwa saizi ileile, mbili kwa pamoja. Aangalie hosipaipu za mpira kama zimepasuka, asafishe pini za kalipa zilizoganda kwa vumbi letu jekundu, maana kalipa ikiganda upande mmoja, gari linavuta. Nikamuuliza babu yote hayo yangekula robo ya zile milioni? Akasema tairi ndizo ghali, mengine ni hela ya mbuzi.

"Na hizi Brembo, kuna siku nitazihitaji?"

Babu akafikiri. Akasema kama ataongeza nguvu za injini kweli, siyo kuongeza kelele za egzosti, na akawa mtu wa kwenda mashindanoni, ndiyo. Basi azifunge nne kamili, mbele na nyuma, na masta silinda inayolingana nazo. Kwa kwenda Omurushaka Jumapili, hapana. Mimi nikaongeza kwamba kwa kupigwa picha zinafaa sana. Babu akaniambia nifunge mdomo.

Nilipoondoka jana, kalipa nyekundu zilikuwa zimefungwa kwenye kiroba, zinasubiri mteja. Kuna jamaa wa Bukoba mwenye STI iliyopata ajali, amesikia, amepiga simu, bei wanavutana. Atapata hasara, lakini hasara ya laki kadhaa kwa mtu mwenye tarehe ukweni ni afadhali. Mama yake Turbo ameahidi kujazia, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayeshika hela.

Jumapili hii hatuendi Omurushaka. Impreza imerudishiwa breki zake za zamani, mafuta mapya, pedi mpya, tairi nne za 16 zenye mpira wa kutosha, na tunashuka nayo Kyaka kuijaribu, gia nzito tangu juu. Mama mdogo nilimkaribisha akasema atapanda basi. Mimi nitakaa mbele, mkanda nimefunga, kuku hatubebi.

Tukutane wiki ijayo.